Mume Wangu Afutwe Chama cha Sauti Safi

Bandarharjo,
Semarang Kaskazini.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Sauti Safi kwa Mfuko Mwembamba,
Semarang.

Ndugu Mwenyekiti Hendarto,

YAH: KUFUTWA UANACHAMA KWA BWANA DARMUJI, MUME WANGU

Naomba nianze kwa kukusalimu wewe, mkeo, na chochote ulichokifungua mezani kwako leo ambacho hutaweza kukifunga tena. Natumaini mko wazima. Sisi huku tupo, na maji ya bahari hayajaingia ndani wiki hii.

Jina langu ni Rukmiyati. Unanifahamu. Mimi ndiye mwanamke anayekuwekea chai mkononi kila unapokuja kwetu, nawe unaipokea bila kuinua macho kutoka kwenye tumbo la amplifaya. Kazi yangu ni kukunja lumpia, zile chapati nyembamba zilizojazwa machipukizi ya mianzi na kukaangwa, na kuziuza barazani kwangu. Umeshazila nyingi, na sikumbuki kukusikia ukisema lolote juu yake, ingawa juu ya kipande cha waya unaweza kuzungumza mpaka adhana. Naandika barua hii nikiwa na akili timamu, bila kushawishiwa na mtu, na kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu mzazi, Bi Sarinten, ambaye naye ni mmoja wa walioumia, kama utakavyoona mbele.

Ombi langu kwa sasa ni moja: jina la mume wangu lifutwe kwenye chama chako. Nikipata maombi mengine kadiri ninavyoandika, nitayaongeza hapohapo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Meza. Mume wangu alistaafu kazi ya ukarani bandarini akiwa mtu wa kawaida kabisa. Asubuhi anakunywa kahawa, anasoma gazeti, anagombana na gazeti, analala. Nilikuwa sina neno naye. Siku moja nikamtuma soko la Kokrosono akanunue koki ya bomba. Huko akakukuta wewe umechuchumaa mbele ya lundo la vyuma vya mitumba, unanusa amplifaya. Sijui mliambiana nini. Ninachojua ni kwamba koki sikuiona, na bomba linadondosha maji mpaka leo. Alirudi amekumbatia amplifaya ya Kijapani iliyokufa kabla binti yetu Wening hajazaliwa, na nyuma yake mwendesha baiskeli amebeba kompyuta tatu zilizotupwa na shule fulani. Nikamuuliza zina tatizo gani. Akanijibu kwa utulivu wa daktari, "Hazina tatizo, Mama Wening. Hazifanyi kazi tu."

Basi meza yetu ya kulia chakula, ambayo ndiyo meza yangu ya kukunjia lumpia, ikageuka chumba cha maiti. Kila upande kuna mzoga umelazwa chali, umefunuliwa matumbo, skrubu zake zimepangwa ndani ya vibakuli vyangu vya pilipili. Mimi nikahamia kwenye ubao wa kupigia pasi. Siku moja mteja, mwanamke mstaarabu kutoka mtaa wa juu, aliuma lumpia yangu akakutana na kitu kigumu. Ilikuwa kapasita, kile kidude cha umeme cha ndani ya amplifaya. Darmuji aliichukua kutoka kwenye kiganja cha yule mama, akaifuta, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Kumbe ilikuwa huku." Akaondoka nayo. Pole hakumpa. Yule mama sasa ananunua lumpia kwa jirani yangu, mwanamke ambaye, niseme ukweli, anatia sukari kama anatengeneza keki.

2. Kabati. Chama chenu kinajisifu kwamba hakitumii pesa. Ni kweli, hakitumii. Kinatumia kabati langu. Niliachiwa na bibi yangu, kabati la mti wa msaji, zito kiasi kwamba wakati wa kulihamisha wanaume walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana safari. Wewe, Ndugu Mwenyekiti, ulimwambia mume wangu kwamba spika zinataka mbao nzito za zamani, na kwamba mbao mpya za dukani ni ghali tena zina "sauti ya karatasi." Siku ya kwanza akaomba milango tu. Kabati bila milango, akasema, linapitisha hewa. Baadaye zikaondoka rafu, kwa sababu nguo ninazo chache. Kisha ukaondoka mgongo, ambao eti hakuna anayeutazama. Siku moja nikaenda kuchukua sarong nikakuta kabati halipo. Nguo zimesimama zenyewe pembeni ya ukuta kwa mazoea. Hata sarong niliyokuwa naitafuta niliikuta, imewambwa mbele ya spika. Ni ile ya batiki ya kahawia niliyovaa siku alipokuja kunichumbia. Akaniambia kitambaa chepesi namna ile kinapitisha sauti bila kuichubua. Nilimtazama sana. Hakuwa anatania.

3. Kiti. Naamini hili ni wazo lako, kwa sababu lina kiburi kuliko mume wangu. Katikati ya sebule kimewekwa kiti kimoja, na kila anayeingia nyumbani kwetu hukalishwa hapo, huambiwa anyooshe shingo, asigeuze kichwa, asitafune. Halafu hupigiwa wimbo wa keroncong, zile nyimbo zetu za zamani za vigitaa. Halafu Darmuji huingia nyuma ya spika, hukohoa, hubadilisha waya, hutoka, huupiga wimbo uleule, kisha humwinamia mgeni na kumuuliza ameona tofauti gani. Mwenzangu mmoja wa kikundi cha kusoma Kurani, mtu wa haya na shingo mbovu, alijibu kwamba mara ya pili ilikuwa tamu zaidi. Darmuji akamwambia hakubadilisha kitu, alikuwa anampima. Yule mama hajarudi. Anapita upande wa pili wa barabara akiwa amejifunika mtandio mpaka puani.

Kwa kukosa wageni, nikakalishwa mimi. Jioni baada ya jioni, nimetoka kukaanga, mikono inanuka kitunguu saumu, nakalishwa kama mtoto anayenyolewa. Na hapa ndipo mlipoharibu mambo kabisa, kwa sababu mtu akikalishwa sana huanza kusikia. Sasa siwezi kwenda kwenye sherehe ya jirani bila kujua kwamba spika ya kushoto imeunganishwa nyaya kinyume. Siwezi kuingia duka la vitambaa bila kusikia besi imevimba kama tumbo la mwenye duka. Nilikuwa mwanamke mwenye amani, napenda nyimbo zote sawasawa. Nani atanirudishia?

4. Mjusi. Kutokana na zile kompyuta tatu, mume wangu aliunda moja. Haina kifuniko, kwa sababu ulimwambia joto ndilo adui. Ukiiwasha, inanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Unaweza kuoga, kuswali na kuchemsha maji kabla haijakuonyesha chochote. Ameiwekea mfumo wa bure ambao yeye na wewe mnauita mwepesi, na ndani yake amehifadhi muziki wote mliokopeshana. Kazi yake ni kupiga muziki tu. Nilimuuliza kama redio haikuwa inafanya hivyohivyo. Alinionea huruma.

Mwisho wa msimu wa kiangazi, mjusi wa ukutani alitafuta mahali pa joto akapapata ndani ya ile kompyuta. Kukatoka cheche, harufu, na giza, tena giza la njia nzima, kwa sababu nyumba zetu zimeazimana nyaya tangu enzi za baba zetu. Ilikuwa siku ya fainali ya mpira. Wanaume walitoka kila nyumba na tochi, wakaja kusimama mlangoni kwangu, tochi zote wamenielekezea usoni. Darmuji alitoka nje amemshika mjusi kwa mkia, akawaambia sauti ilikuwa nzuri sana mpaka dakika ile. Niliwagawia lumpia zote za kesho yake ndipo wakaondoka.

5. Maji. Unajua mtaa wetu. Bahari ikijaa haibishi hodi. Mara hii ilikuja mchana, haraka, mpaka kwenye magoti. Katika nyumba yenye mke, mama mkwe na magunia ya unga, mume wangu alianza kuokoa amplifaya. Aliibeba kichwani kama mama mwenye maji ya kisima. Kisha zikaja spika, kisha kompyuta, vyote akavipandisha darini. Ilipobaki mashine ya santuri akakosa pa kuiweka, maana haitaki kuinamishwa. Akampandisha Bi Sarinten juu ya meza, na mimi moyo ukanilainika, nikasema angalau amemkumbuka mama yangu. Kumbe alihitaji mapaja. Akampakatisha ile mashine, akamwambia, "Mama, tafadhali usipumue kwa nguvu, sindano yake ni nyepesi." Na mama yangu, aliyezaa watoto na kuzika mume na kukemea machifu wa mtaa, alikaa pale mpaka maji yakashuka, anapumua kidogokidogo kwa pua, anaogopa kukohoa. Unga wangu wote ukawa uji. Hadi leo mama akimwona Darmuji anakuja na kitu mikononi, hutanua miguu ili asionekane ana mapaja.

6. Harusi. Hapa naomba ukae vizuri, kwa sababu ulikuwepo na bado sijui uliona nini.

Wening, mtoto wetu wa pekee, aliolewa na Galih, kijana wa Solo, wa ukoo wenye adabu ya kutisha. Watu wale wakikanyagwa huomba radhi. Kila mtu alituambia tukodishe vyombo vya muziki na fundi wake. Mume wangu alikataa. Alisema hawezi kumwoza binti yake kwa sauti ya kukodi. Alisema katika maisha yake amekuwa akiandika mizigo ya watu wengine, na hiki ndicho kitu pekee alichokitengeneza kwa mikono yake, na siku hiyo Wening atasikika kama alivyo. Nilimdhihaki wiki nzima. Lakini nilimwacha, na sitaeleza kwa nini.

Asubuhi ile, wakati wenzangu wananifunga konde, lile fundo la nywele la kisogoni, nilipita nikaangalia chini ya meza ya ndoa, alikokuwa ameificha amplifaya kwa kitambaa. Waya mweupe wa maiki alikuwa ameulehemu usiku huo kwa haraka, na lehemu yake ilikuwa imefifia kama jicho la samaki wa juzi. Lehemu iliyoshika hung'aa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, bila mimi kuomba. Nikamwambia, Baba Wening, ule mweupe haujashika. Akasema umeshika, niende nikapake poda.

Wageni wa Solo wakaingia. Muziki wa gamelani, ule wa magongo ya shaba yanayogongwa, ulikuwa unatoka kwenye ile kompyuta, na hapo hapo kompyuta ikakwama kwenye gongo moja. Goooong. Kimya. Goooong. Kimya. Watu wangekuwa wetu wa Semarang wangecheka na kuingia. Wale, kwa heshima, wakaona pengine ndiyo desturi yetu ya pwani: wakapiga hatua moja, wakasimama, gongo likalia, wakapiga nyingine, wakasimama. Bibi yake Galih alichukua muda mrefu kufika kwenye kiti chake kuliko treni iliyomleta.

Kisha mvua ikaanza. Wewe unajua mvua inavyopiga turubai. Kadhi akakaa, mashahidi wakakaa, Darmuji akaushika mkono wa Galih juu ya meza. Wening akainamia maiki aombe idhini ya baba yake, midomo ikacheza, na hatukusikia kitu. Mvua tu. Kadhi, mtu mwema, akasema kwa kupaza, "Mashahidi hawajasikia, turudie." Wakarudia. Kikatoka kitu kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji. Bibi yake Galih akafunga macho.

Mume wangu alinitazama. Alikuwa amevaa koti la kuazima, ameshika mkono wa mkwe wake, na kwa kuwa yeye ndiye walii, hakuweza kuuachia mkono ule akaingie chini ya meza mbele ya kadhi. Nimeishi naye miaka yote hii, nimemwona akigombana, akiumwa, akizama na amplifaya kichwani, lakini sikuwahi kumwona akiwa na uso ule.

"Mama Wening," akaniambia polepole, "ule mweupe."

"Naujua," nikamwambia.

Niliingia chini ya meza na kebaya yangu ya hariri, blauzi yangu ya sherehe, konde likagonga ubao, ua moja likadondoka. Nikaupata waya, nikaubana kwa vidole viwili mahali palipoachia, na mngurumo ukakatika kama umefungiwa mlango. Ikaja sauti. Ndugu Mwenyekiti, ndoa ya binti yangu sikuiona. Niliona viatu. Viatu vya Galih vipya, vinabana, vimekunja vidole. Viatu vya kadhi vina matope. Na mguu wa kulia wa mume wangu, unatetemeka mpaka kitambaa cha meza kinacheza. Nikamshika kisigino kwa mkono wangu uliokuwa huru. Nilifanya hivyo ili asiitingishe meza waya ukaniponyoka. Sababu nyingine hakuna. Kikatulia.

Na kutoka kwenye mbao za kabati la bibi yangu, kupitia sarong yangu, nilimsikia mwanangu akivuta pumzi kabla hajasema "Baba." Waliokuwa juu waliona maua na shela. Mimi nilisikia pumzi. Ilikuwa ileile aliyokuwa akiivuta mlangoni akiwa mdogo, kabla ya kukiri kwamba amevunja kitu. Kisha Darmuji akamjibu, na sauti yake ikapasuka katikati, na ule mpasuko ukasikika safi mpaka nyuma ya turubai, haukuongezwa wala kupunguzwa. Galih akajibu kwa pumzi moja kama inavyotakiwa. Mashahidi wakasema imesihi. Machozi niliyotoka nayo chini ya meza yalikuwa ya vumbi.

Sasa tunakuja kwako. Nilipotoka, nywele zimelala upande, umesimama mbele ya watu na sahani ya lumpia zangu. Ukamwambia mume wangu, mbele ya wakwe, "Kumbe, Darmuji, amplifaya yako haifanyi kazi mpaka itiwe mke ndani."

Watu wakacheka. Wanachama wako wote wakacheka, wale ambao vyombo vyao havijawahi kupiga wimbo mzima. Hata watu wa Solo walicheka, kwa mkono mdomoni. Nami nilicheka, kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri na kwa sababu nimeolewa naye, ninayo haki. Darmuji akacheka kuliko wote. Ndipo nikajua kuna kitu kimevunjika, maana mume wangu huwa hachekeshwi na jambo la amplifaya.

7. Ukimya. Siku iliyofuata alivifunga vyombo vyote kwenye magunia ya unga akavisukuma uvunguni. Aliisafisha meza kwa maji ya limau. Aliondoa kile kiti. Nilipomuuliza, akasema amechoka, mambo ya vijana hayo, na mimi nilikuwa nalalamika kila siku, sasa nikunje lumpia zangu kwa nafasi. Alisema bila hasira, ndilo lililoniudhi. Koki ya bomba pia ameniahidi, kisha akasahau, na hajui hata kwamba amesahau.

Anakaa barazani. Anasoma gazeti na anakubaliana nalo. Wening akipiga simu kutoka Solo, humwambia hajambo, humpa simu mama yake. Jumapili ya mkutano wenu ilipita akakata kucha. Jumapili nyingine ikapita. Na katika muda wote huo, Ndugu Mwenyekiti, hakuna hata mmoja wenu aliyekuja. Mlikuwa mnajaa sebuleni kwangu kama mbu, mnakunywa chai yangu, mnaita waya "ndugu yangu". Mtu wenu ameacha kuja mkaona sawa. Nilikutana nawe Kokrosono, nikategemea utaniuliza anaendeleaje. Ukaniuliza kama ile transfoma yake anaiuza.

Kwa sababu hizo zote, na kwa kuwa kila nikiandika napata nguvu, naongeza maombi yangu kama ifuatavyo. Jina la mume wangu lifutwe, ili awe hayupo kwa haki badala ya kuwa hayupo kwa aibu. Wewe binafsi upigwe marufuku kufanya utani katika sherehe yoyote ndani ya mkoa wa Jawa ya Kati. Chama chenyewe kivunjwe, wanachama warudishwe kwa wake zao wakiwa na risiti. Nitamwandikia pia Meya, nikimsihi soko la Kokrosono likatazwe kuuza kitu chochote kisichofanya kazi, na kile kinachofanya kazi kisiuzwe kwa mwanamume mstaafu bila barua ya mkewe. Meya akikataa, nitamwomba aijaribu nyumba yangu ilivyo sasa. Aje asikilize. Bomba linadondoka na gazeti linageuzwa ukurasa. Akiweza kuvumilia mpaka chai ipoe, nitaondoa malalamiko.

Naomba jibu lako kwa maandishi, maana ukija kwa mdomo utaishia kuangalia soketi.

Nisalimie mkeo, ambaye namheshimu na ninamwonea huruma. Wasalimie wanachama wote, mmojammoja, pamoja na yule mrefu anayelala kwenye kiti cha kusikilizia na kusema alikuwa amezama kwenye muziki. Mama yangu Bi Sarinten anasalimu pia, ila anasema asiletewe kitu cha kupakata.

Ni mimi, mwenye kulalamika kwa adabu mpaka ilipoishia karatasi,

Rukmiyati, mke wa Darmuji.

N.B. Sijaifunga bahasha, na mambo yamebadilika kidogo. Asubuhi hii nilikwenda Kokrosono kununua machipukizi ya mianzi ya lumpia, nikapita kwa muuzaji mmoja wa redio za zamani. Akaniapia kwamba redio yake inafanya kazi. Nikamwambia kama inafanya kazi siitaki. Alinitazama kama mgonjwa, akanipa nyingine iliyokufa kabisa, ya mbao, ina valvu ndani, vile vitaa vya kioo vya redio za kale. Nimeileta chini ya mianzi, nikaiweka kwenye benchi la baraza, juu kabisa ya gazeti la Darmuji, nikaingia jikoni.

Alipita akaisogeza. Akasoma. Akaniuliza kutoka nje nani ameleta takataka hii. Nikamwambia labda maji yameileta. Akasema maji hayajaja wiki hii. Nikaendelea kumenya mianzi. Baadaye nikasikia anaitikisa sikioni. Baadaye tena nikachungulia dirishani, nikamkuta anainusa. Sasa hivi ameuliza bisibisi ndogo iko wapi, na ameuliza kwa ukali, kama mtu aliyeibiwa.

Kwa hiyo jina lake liache palepale lilipo. Meya simwandikii. Jumapili njooni wote, nitapika soto, ile supu ya kuku, na mje na mtu anayejua valvu, kwa sababu Darmuji hazijui na atajifanya anazijua. Ukigusia habari ya mke ndani ya amplifaya nitakulehemu mdomo, na lehemu yangu hushika. Barua naituma hivyohivyo ilivyo, maana maneno mengine nimeyapenda. Lazima niishie hapa. Ananiita nikamshikie tochi, na nimeshamwambia mara mbili asubiri, namalizia oda ya mteja.